Mvinyo unaokausha ulimi haujaharibika

Dada, unasema ule mvinyo wa Ridge Monte Bello uliopewa kama zawadi, wa miaka mitano, umekuachia ukakasi mdomoni kama umeng'ata bibo, ukauliza kama umeharibika. Hapana, usiumwage! Ukakasi huo ni tanini, kemikali ya asili ya mimea, hutoka hasa kwenye maganda ya zabibu, na Cabernet Sauvignon, aina ya zabibu ambayo ndiyo nyingi humo, inayo tele. Kuna na zabibu nyingine: Merlot huulainisha, Petit Verdot huongeza rangi. Zabibu zote zimetoka mlima mmoja wenye mawe ya chokaa huko California. Ubaridi wa kule juu huulinda ule uchachu safi.

Umimine kwenye jagi, ukae saa mbili au tatu, uupoze hadi nyuzi 17 hivi. Ukiwa na joto, pombe ndiyo itakayotawala puani. Jaza theluthi ya glasi, zungusha, nusa kabla ya kuonja. Nusa tena baada ya nusu saa. Hapo ndipo ninapoupenda zaidi, harufu imeshafunguka. Unywe na nyama ya kuchoma yenye mafuta.

Wa mavuno ya 1971 ulishika nafasi ya kwanza mwaka 2006, shindano la Paris la 1976 la kuonja mvinyo wa California na wa Ufaransa liliporudiwa. Ukipata chupa nyingine, ilaze penye giza na ubaridi miaka kumi zaidi.