Uliza sahihi yake, usiulize kabila lake

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama ni halali mke au mume wa mgombea kushambuliwa wakati wa kampeni. Huku Lubumbashi, Katanga ya Kongo, swali hilo tumeshazoea kulijibu vibaya. Bibi ya mgombea, yaani mke wake, anaulizwa alikozaliwa, lugha ya mama yake, kama ana watoto, kama ndoa yake ilifungwa kanisani. Wakati huohuo jina lake linakaa kwa amani kwenye hati ya kiwanja, kwenye kampuni na kwenye fomu ya CENI, tume ya uchaguzi, na hakuna anayemgusa. Tunampiga mahali asipostahili, tunamwacha mahali panapotuhusu.

Nianze na karatasi, kwa sababu wako wazee wenye heshima wanaosema nyumba ya mtu isiingizwe siasani. Katiba yetu ya 2006 imekwisha kuiingiza. Kifungu cha 99 kinamtaka Rais wa Jamhuri na wajumbe wa serikali, kabla ya kuanza kazi na tena wanapoiacha, waweke mbele ya Mahakama ya Katiba maandishi ya mali ya familia. Neno ni hilo: mali ya familia. Inatajwa moja kwa moja: hisa, akaunti za benki, nyumba, viwanja visivyojengwa, misitu, mashamba, migodi, pamoja na vyeti vyake. Halafu kifungu kinaeleza kwamba mali hiyo inahesabu pia ya mke au mume kulingana na aina ya ndoa yao, ya watoto wadogo, na hata ya watoto wakubwa ambao wazazi bado wanawatunza. Siku 30 zikipita bila maandishi hayo, mhusika anahesabiwa amejiuzulu.

Soma tena maneno "kulingana na aina ya ndoa yao". Hapo ndipo mlango ulipo, na sijasikia mtangazaji hata mmoja akiugonga. Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa wanaooana aina tatu za kupanga mali. Wanaweza kutenganisha kila kitu. Wanaweza kuunganisha yale tu watakayoyapata ndani ya ndoa. Au wanaweza kuunganisha vyote, vya zamani na vipya. Wasipochagua mbele ya ofisa wa serikali, sheria inawachagulia ile ya pili. Sasa chukua nyumba ya ghorofa iliyonunuliwa mwaka wa pili wa uwaziri kwa jina la mke. Kama waliunganisha mali, nyumba hiyo lazima ionekane kwenye maandishi ya mume. Kama walitenganisha, anaweza kuiacha nje akisema ni ya bibi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgombea wa cheo kikubwa ni fupi na halina tusi: siku ile kwenye meza ya ndoa, mlichagua aina gani? Linaulizwa mume, linaulizwa mke, na jibu limeandikwa kwenye cheti chao cha ndoa.

Marekebisho ya 2016 yalifanya jambo lingine ambalo wanawake walilipigania miaka mingi: yalifuta ruhusa ya mume. Zamani mwanamke aliyeolewa hakuweza kutia sahihi mambo mengi ya sheria bila bwana yake kukubali. Leo sahihi yake ina uzito sawa na ya bwana. Ushindi huo unakuja na mzigo wake. Mama akitia sahihi kama mwenye hisa 60 kati ya 100, hawezi tena kujificha nyuma ya "ni bwana aliniambia". Anaulizwa kama mtu mzima, na kumuuliza hivyo ndiko kumheshimu.

Katanga jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya migodi. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inawakataza wafanyakazi wa serikali, mahakimu, askari na polisi kumiliki haki za madini. Mtu aliyekatazwa akitaka kibali atatafuta jina lingine, na jina la karibu kuliko yote ni la mtu anayelala naye kitanda kimoja. Kwa hiyo timu inayofuatilia mgombea ianzie kwenye ramani ya vibali ya CAMI, ofisi ya serikali ya vibali vya madini, ambayo iko kwenye intaneti na inaonyesha kila kibali kiko kwa nani. Ipate jina la kampuni, iende kwenye daftari la biashara la mahakama ya biashara kuona wenye hisa na mameneja. Kwa nyumba na viwanja njia ni ofisi ya hati za ardhi, lakini huko usiende na jina tu. Nenda na namba ya kiwanja, la sivyo utazungushwa wiki nzima.

Kazi hii inaharibika kwenye majina. Huku kwetu Ngoy, Ilunga, Mwamba na Kabwe ni wengi kama mchanga. Mtu anakuta "Ilunga" kwenye hati ya kampuni, kesho anatangaza redioni "kampuni ya bibi ya mheshimiwa", keshokutwa inajulikana ni Ilunga mwingine kabisa, fundi wa Likasi asiyejua habari. Bila majina yote matatu na tarehe ya kuzaliwa, funga mdomo. Na hata jina likiwa lake kweli, bado hujapata kosa, umepata swali: aliingia kwenye kampuni mwaka gani, kabla au baada ya mume kupata cheo? Alilipia hisa kiasi gani? Kampuni imepata kazi gani ya serikali, na nani alitia sahihi upande wa pili?

Mfano wa Ufaransa unasaidia hapa. Januari 2017 gazeti la Le Canard enchaîné lilichapisha kwamba Penelope Fillon, mke wa François Fillon aliyekuwa akigombea urais, alilipwa kwa fedha za bunge kama msaidizi wa mume wake, kazi ambayo alama zake hazikuonekana. Msingi wa habari ile haukuwa kwamba mama yule alizaliwa Uingereza. Ulikuwa malipo, miaka, na kazi isiyoonekana. Aprili Fillon akatoka wa tatu katika duru ya kwanza, na 2020 mahakama ikawahukumu wote wawili. Mke alikuwa halali kuulizwa kwa sababu pesa ilikuwa ya raia.

Pesa za bunge zinanileta kwa jambo letu wenyewe, kubwa kuliko mengine, na limekaa wazi kama mwembe barabarani. Kila mgombea ubunge Kongo anajitokeza na wabadala wawili, wale tunaowaita suplean. Depite, yaani mbunge, akiteuliwa waziri, suplean wa kwanza anakalia kiti. Na tangu katiba iliporekebishwa 2011, depite huyo akifukuzwa uwaziri anarudi na kukichukua kiti chake. Kiti kinamngoja. Sasa nani atakuwa suplean mwaminifu, asiyesumbua siku ya kurudishiwa? Wengi wameandika mke, mtoto, ndugu. Siku ya kura tunachagua namba ya mgombea, tunaona picha yake kwenye mashine, tunatoka na wino kidoleni tukidhani tumemchagua mtu mmoja. Kumbe tumechagua na mke wake, bila kusikia sauti yake hata mara moja.

Huyo si "mke wa mgombea" tena. Ni mgombea. Aje jukwaani, aulizwe barabara ya Kasumbalesa, mshahara wa walimu, maji ya Katuba. Aulizwe amesoma nini na amefanya kazi wapi. Anayesema tumwache mama wa watu apumzike wakati jina lake liko kwenye fomu ya ubunge, huyo anatunyima haki yetu. Kama vyama vya upinzani vingetumia nusu ya nguvu wanayotumia kwenye uvumi kuuliza majina ya wasuplean kila mkutano, kampeni zetu zingebadilika sura.

Sasa niende kwenye lile linalonisumbua zaidi, nami nitalisema kwa Kiswahili cha mtaani kama linavyosemwa: "Bibi yake ni mutu wa wapi?"

Mahali pengine swali hilo ni la kujuana tu, la kutafuta ushemeji. Lubumbashi lina damu nyuma yake. Agosti 1992 Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa, akachukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond, mwana wa huku. Shaba, kama jimbo letu la Katanga lilivyoitwa, ilikuwa chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza. Wakasai wakaanza kufukuzwa: Lubumbashi, Likasi, na Machi 1993 Kolwezi. Waliitwa "bilulu", wadudu. Watu walilala stesheni wakingoja treni za kuwapeleka Kasai, ambako wengine wao hawakuwa wamekanyaga kamwe. Na katikati ya yote walikuwepo wale ambao hawakuwa na upande: mwanamke wa Kiluba wa Katanga aliyeolewa na Mkasai, mwanaume Mbemba mwenye mke kutoka Mbuji-Mayi. Ndugu wa pande mbili walikuja mlangoni na ujumbe mmoja, mwache. Watoto wa ndoa zile leo ni watu wazima na wanapiga kura. Mgombea anapouliza jukwaani bibi ya mwenzake ametoka wapi, hao wanajua swali linaelekea wapi, maana walishaliona likifika.

Sheria ipo. Ile ya Juni 7, 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila, na ina umri wa miaka mingi kuliko wagombea wengi. Kuhusu nani anaweza kuwa rais, kifungu cha 72 cha katiba kinataka awe Mkongomani wa asili, afikishe miaka 30, awe na haki zake zote za kiraia na kisiasa, asiwe kwenye kesi zilizokatazwa na sheria ya uchaguzi. Mwenzi wake hatajwi popote. Mnamo 2021 lililetwa bungeni pendekezo la Noël Tshiani la kutaka rais awe amezaliwa na baba na mama wote Wakongomani, na kila mtu Katanga alielewa linamlenga Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgiriki. Halikupita. Lakini anayeanza kupima damu ya wazazi hatachelewa kufika chumbani kwa mke.

Kuna wanaopinga kwamba wagombea wenyewe wanatumia wake zao. Ni kweli. Denise Nyakeru Tshisekedi, mke wa Rais Félix Tshisekedi, ana asili ya Kivu ya Kusini, na neno "mkwe wetu" kwa mume wake ni tamu masikioni mwa watu wa Bukavu. Nadhani hapo mpinzani ana haki ya kupima ahadi: mkwe ametufanyia nini, barabara ngapi, usalama gani. Mkwe kwa desturi ana deni, na deni linadaiwa. Mke mwenyewe hadaiwi asili yake.

Na mwenzi anayeshika mikrofoni anajibiwa kwa maneno aliyoyasema. Februari 2008 Michelle Obama alisema kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima alijivunia kweli nchi yake. Mei, chama cha Republican cha Tennessee kikatoa video juu ya maneno hayo, na Barack Obama akakasirika, akataka mke wake aachwe. Nampa haki nusu. Maneno ya jukwaani ni ya kujibiwa, ila yajibiwe yote, si kipande kilichokatwa.

Kipande kilichokatwa ndiyo silaha ya huku. Kawaida ni sauti ya WhatsApp ya sekunde 40. Haina mwanzo, haina tarehe, kuna mlio wa jenereta nyuma, na mtu anaambiwa "sikiliza bibi ya fulani anavyotudharau". Mtangazaji akiletewa, aulize nani aliirekodi, aitafute yote, ampigie anayetajwa ampe muda wa kujibu kabla ya kurusha. Akirusha bila hivyo anaingia kwenye vifungu vitatu vya sheria: kifungu cha 74 cha sheria ya adhabu kuhusu kumpachika mtu jambo maalum la kumvunjia heshima, siku 8 hadi mwaka 1 jela, cha 75 kuhusu matusi ya hadharani, siku 8 hadi miezi 2, na kifungu cha 360 cha sheria ya kidijitali ya 2023 kuhusu kueneza habari ya uongo juu ya mtu, mwezi 1 hadi 6, au faini ya franga 500,000 hadi 1,000,000, au vyote viwili. Kifungu hicho cha mwisho kinamgusa na yule "niliforwadi tu".

Mgombea naye anakosea anapotetea. Akiambiwa bibi si wa huku, anampandisha jukwaani na kitenge kipya, anamwambia asalimie kwa Kibemba, umati unapiga vigelegele. Amekwisha kukubali kwamba kabila la mke ni mtihani, na kesho ataletewa mtihani mgumu zaidi. Afadhali aseme sentensi moja, "hilo halipigiwi kura", kisha arudi kwenye maji na umeme.

Wanawake wanaogombea wanapata mara mbili. Sheria ya uchaguzi ya 2022 inasamehe malipo ya dhamana kwa orodha yenye wanawake nusu, hivyo vyama viliwatafuta. Lakini sokoni Kenya au Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, swali la kwanza kwa mama mgombea bado ni "bwana yake iko wapi?" Akiwa naye, inasemwa yeye ndiye anayemwendesha. Akiwa hana, inasemwa mengine. Kwa bwana huyo ningeuliza yaleyale ninayowauliza wake za waheshimiwa: jina lako liko kwenye fomu yake kama suplean? Gari za kampeni umelipia kwa pesa ya kampuni gani?