Krismasi Marekani: mleta barua mpe zawadi, usimpe pesa

Mkuu, umesema umehamia Ohio mwezi wa tatu, na jirani amekwambia ikifika Desemba watu huku humwachia mleta barua bahasha yenye pesa. Unauliza kama ni lazima, ni kiasi gani, na hao wengine wanaokuhudumia mwaka mzima uwafanyie nini. Wadau wawili wamekujibu "tia hamsini tu, ndio utamaduni wao". Nakuomba usitie. Niko Columbus tangu 2014 na kosa hilo nimeshalifanya. Tena nimekaa pia upande wa anayepewa, kwa hiyo nitaandika kwa kirefu, nivumilie.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayokuhusu wiki hii. Mfanyakazi wa posta ya Marekani, USPS, anabanwa na kanuni za maadili za watumishi wa serikali kuu. Pesa taslimu kutoka kwa mteja haruhusiwi kupokea, hata dola moja. Hundi vilevile, na kadi ya zawadi inayoweza kugeuzwa pesa. Anachoruhusiwa ni kitu kisichozidi thamani ya dola 20 kwa mara moja, na kwa mwaka mzima vyote alivyopata kutoka kwako visipite dola 50. Kadi ya dola 15 ya kununulia kahawa mgahawani, isiyogeuzwa pesa, sawa. Glovu, soksi nzito za baridi, boksi la chokoleti, sawa. Kitu cha dola 30 hawezi kukichukua, na hawezi hata kukulipa zile dola 10 za juu ili abaki nacho. Kikombe cha kahawa, soda, biskuti, vitafunio vya kumkirimu mtu, hivyo havina shida.

Sasa upande wa anayepewa. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kwenye kituo cha kutunza wazee. Kulikuwa na bibi mmoja wa miaka tisini na kitu, nilikuwa namwogesha na kumchana nywele kila asubuhi. Siku mbili kabla ya Krismasi akanitilia kitu kwenye mfuko wa aproni, noti mbili za ishirini zimekunjwa zikawa kama kidole gumba, ndani ya karatasi laini. Nikamwambia hapana bibi, akanishika mkono akanikazia macho. Unajua sisi tulivyolelewa: mzee akikupa, unapokea kwa mikono miwili. Nikapokea.

Mtoto wake alipokuja akahesabu pochi ya mama yake, akauliza dola 40 zimekwenda wapi. Nikaitwa ofisini. Sikuficha, nikasema nilipewa. Wakanisimamisha wiki mbili bila zamu wakichunguza, na Januari ile kodi ya nyumba nililipa kwa kukopa kwa shemeji yangu. Mwishowe bibi mwenyewe alisema ni yeye aliyenipa, nikarudishwa na barua ya onyo. Kanuni ilikuwepo kwenye makaratasi niliyosaini siku ya kwanza, ukurasa ambao sikuusoma. Lakini kilichoniuma kuliko zile wiki mbili ni kwamba bibi alikuwa akiniona analia, akidhani amenitendea ubaya. Alitaka kunishukuru tu. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba kuna njia nyingine.

Utashangaa, basi, kwamba 2017 tulipohamia nyumba yenye sanduku la barua lake barabarani nilimwachia mleta barua wetu bahasha yenye dola 40. Nilidhani makatazo yale ni ya vituo vya wazee peke yake. Na posta yenyewe nilikuwa siijui kwa sura ya mtu. Kwetu Tanga posta ni S.L.P., baba ana funguo, au barua zinapitia sanduku la shule, unakwenda kuchukua mwenyewe. Mtu wa kukuletea barua mpaka nyumbani siku sita kwa wiki, anayejua mtoto wako kapokea barua ya shule na wewe umepokea bili ya hospitali, sikuwahi kuwa naye maishani.

Watoto walimwita Mama Posta. Lile gari lao jeupe bila shaka umeliona, usukani uko kulia kama magari ya kwetu, ili afikie sanduku bila kushuka. Mlangoni alikuwa haji mpaka awe na kifurushi. Siku ile akashuka, akapanda ngazi zina barafu, akagonga. Amevaa glovu zilizokatwa ncha za vidole, bahasha yangu mkononi. Akaniambia, "Mama, nikichukua hii naweza kupoteza kazi, na nina miaka kumi na tisa humu." Akanirudishia noti zote mbili. Ile kadi waliyoandika watoto akasema hiyo anabaki nayo, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti.

Nikaona noti zile mbili za ishirini, nikamkumbuka bibi. Nilitaka kumtendea mtu wema, kumbe namtia matatani mimi mwenyewe.

Jikoni kulikuwa na maandazi ya asubuhi, yana hiliki. Nikayafunga manne kwenye karatasi ya foili, nikamuuliza kama chakula ni ruhusa. Akacheka, akasema hicho ni ruhusa kabisa. Kesho yake akapiga honi pale kwenye sanduku kuuliza ile harufu ni ya nini. Tangu hapo kila Desemba ni maandazi na kadi ya kahawa ya dola 15, na nadhani maandazi ndiyo aliyokuwa akiyasubiri.

Halafu usingoje Desemba peke yake. Mengi ya magari yale yalitengenezwa kati ya 1987 na 1994 na hayana kiyoyozi. Julai ya Ohio ndani ya bati lile ni adhabu. Sisi tunaweka kisanduku cha barafu chenye maji karibu na sanduku la barua, watoto wameandika juu "chukua". Theluji ikianguka, safisha njia mpaka kwenye sanduku kabla hajafika, na kama una ngazi zitie chumvi iyeyushe barafu. Kuteleza kwake kwenye ngazi zako ni mguu uliovunjika.

Kuna zawadi nyingine ambayo wengi hawaijui: barua. Mwandikie mkuu wa posta ya mtaa wenu, sema mleta barua wa njia yetu amefanya hiki na hiki, taja siku. Mimi niliandika mistari sita baada ya Mama Posta kumkuta mzee wa nyumba ya tatu ameanguka bustanini na kuita gari la wagonjwa. Baadaye akaniambia waliisoma mbele ya wenzake asubuhi kabla ya kutoka. Alinieleza mara mbili, siku mbili tofauti. Kwa ile dola 15 hajawahi kunieleza hivyo.

Najua kuna watakaosema huu ni ukali usio na maana, dola 20 mkononi si rushwa. Mimi sioni hivyo. Sisi tunatoka mahali ambapo "chai" na "kitu kidogo" vimechafua maneno mazuri. Neno takrima lilikuwa la heshima, la kumkirimu mgeni, mpaka likaingizwa kwenye sheria ya uchaguzi ya Tanzania kuwaruhusu wagombea wawakirimu wapiga kura, na Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vile 2006. Mtumishi wa serikali akizoea bahasha, mwaka wa pili asiye na bahasha barua yake inachelewa. Afadhali mstari uwe wazi, nawe utoe shukrani yako bila mtu kuinunua huduma.

Wengine, kwa kifupi. Mhudumu wa mgahawani usimchanganye na hawa, bahshishi yake ni sehemu ya mshahara. Sheria ya shirikisho inaruhusu mwajiri amlipe dola 2.13 kwa saa tangu 1991, majimbo mengine yameongeza, basi mlipe kila unapokula. Wazoa taka wa mtaa wetu ni wa kampuni binafsi, nilipiga simu kuuliza, wakasema wanaruhusiwa. Nawasubiri saa kumi na mbili asubuhi, dola 10 kila mmoja, mkononi. Usiibandike bahasha kwenye kifuniko cha pipa, ya jirani iliibwa. Kama taka zenu zinazolewa na mji, uliza kwanza. Tulipokuwa kwenye ghorofa, fundi wa jengo nilimpa dola 50, maana ndiye aliyekuja usiku bomba lilipopasuka. Msusi wangu nampa bei ya kusuka mara moja. Mama anayekulelea mtoto usimsahau hata kama mfuko umebana: malipo ya wiki moja, na zawadi ndogo kutoka kwa mtoto mwenyewe. Walimu wa shule za umma nao wana kanuni zao, uliza ofisi ya shule.

Na kama una mtu kwenye kituo cha wazee, usimtie muuguzi pesa mfukoni. Peleka sinia la matunda au keki kwa zamu nzima, uliweke chumba chao cha mapumziko, na usisahau zamu ya usiku, maana chakula cha mchana hakiwafikii. Ni kama sahani za sikukuu tulizokuwa tukizungusha mtaani kwetu, Idi kwa Krismasi, sahani hairudi tupu.

Kiasi usiumize kichwa. Mwaka ambao mume wangu hakuwa na kazi tulitoa maandazi tu na kadi za mkono kwa wote, na hakuna aliyebadilika.

Mama Posta alistaafu mwaka jana. Sasa tuna kijana mpya, bado anasoma namba za nyumba moja moja. Jumamosi hii nakanda unga, lakini kwanza nitamuuliza kama nazi anakula, maana yangu siku hizi natia tui.