Theluji ya Kwanza na Manung'uniko Yake

SWALI: Mhariri, mwanangu anayesoma Minneapolis, Marekani, alitutumia video akishangilia theluji ya kwanza, lakini sasa kila akipiga simu ni manung'uniko matupu. Je, anadeka?
Mama, Nakuru

JIBU: La hasha, mama. Theluji mpya ni laini na hupendeza macho, lakini ikikanyagwa, ikayeyuka mchana na kuganda usiku, hugeuka barafu telezi, na mwenye gari hulazimika kuamka mapema akwangue kioo na kufukua njia kwa sepetu. (Hata hapa Nakuru mvua ya mawe hushangiliwa na watoto huku mwenye shamba la mahindi akishika tama.) Kinachochosha zaidi, kwa maoni yangu, ni giza: mwezi wa Desemba jua la huko hutua yapata saa kumi na nusu jioni. Muulize kama ana viatu vyenye soli isiyoteleza.