Shira jana, gesi leo: vinywaji vya matunda kwa meza ya saa tano asubuhi

Jagi la juisi lililochanganywa na soda wota mapema, likawekwa mezani saa nne na nusu kusubiri wageni, ikifika saa tano na robo ni juisi iliyotiwa maji. Gesi imekwenda, barafu imeyeyuka, ladha imepwaya. Tunda halina kosa. Kazi mbili zimefanywa kwa wakati mmoja, na zilipaswa kutengana: shira nzito ya matunda hupikwa jana yake ikalala kwenye friji, na gesi huingia glasini mgeni akiwa ameshaketi.

Gesi ya soda ni hewa ukaa iliyoshindiliwa ndani ya maji, na maji ya baridi huishika zaidi. Maji ya nyuzi 0 hubeba karibu maradufu ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzi 20. Sasa fikiria chupa iliyoshinda juu ya kabati la jikoni Tanga au Mombasa, nyuzi 30 na ushei: ukiifungua tu, sehemu kubwa ya gesi inaondoka kwa kishindo, na kinachobaki kinaishia kwenye barafu. Kwa hiyo chupa zilale kwenye friji usiku kucha, ndani kabisa na si mlangoni. Shira iwe baridi vilevile. Glasi, kama kuna nafasi, ziingie nusu saa kabla.

Barafu haiokoi soda ya joto. Viputo huzaliwa mahali penye mkwaruzo, kona au chembe, na kipande cha barafu chenye unga mweupe wa friza kimejaa vitu hivyo. Suuza barafu kwa maji safi ya baridi kabla ya kuitia glasini. Uso wake ukilainika, povu hupungua palepale. Kwa sababu hiyohiyo usimwage sukari kavu kwenye soda kujaribu kurekebisha utamu. Itafurika mezani, na utamu wenyewe hautakolea. Na kwa sababu hiyohiyo tena, juisi yenye nyama ya tunda nyingi hufukuza gesi kuliko juisi iliyochujwa vizuri. Chuja mara mbili: kwanza kwa chujio la kawaida, kisha kwa kitambaa chepesi cha pamba kilicholowanishwa na kukamuliwa. Usikamue kitambaa kwa nguvu zote mwishoni, maana ndipo unga mzito unapopenya.

Kuhusu maji yenyewe, tafuta soda wota isiyo na sukari wala ladha. Toniki ina kwinini na sukari, nayo hupambana na ukwaju na rosela. Soda ya limau itafanya kinywaji kizima kiwe soda ya limau. Nunua chupa ndogo, za mililita 300 hadi 500, hata kama kubwa ni nafuu kidogo, kwa sababu chupa ya lita 2 iliyofunguliwa hupoteza gesi kila inapomiminwa. Kuna watu huibonyeza chupa ya plastiki ili kutoa hewa kabla ya kuifunga. Inasaidia kinyume: chupa inataka kurudi kwenye umbo lake, na gesi inatoka kwenye maji kuijaza ile nafasi.

Wenye mashine ya kutia gesi nyumbani watie gesi kwenye maji matupu, yaliyopozwa hadi karibu nyuzi 4, kamwe si kwenye juisi. Juisi itapanda hadi kwenye bomba la mashine na kumwagika kaunta nzima. Wenye sifoni, ile chupa nene ya kutia gesi kwa mkono, watumie vidonge vya hewa ukaa, kwa kawaida kimoja cha gramu 8 kwa lita 1. Vile vya kupigia krimu vina gesi nyingine na vinafanana sana kwa umbo, basi soma sanduku. Ile njia ya magadi soda ya kupikia na ndimu hutoa gesi kweli, lakini huacha ladha ya chumvi na sabuni, na inakula ukali wa ndimu uliokuwa unautaka. Iachie keki.

Vipimo ni rahisi kukumbuka. Kwa glasi ya mililita 300: barafu vipande 4, shira mililita 45 (vijiko vikubwa 3), maji ya gesi mililita 150. Watu 10 wakinywa glasi mbilimbili wanahitaji mililita 900 za shira na lita 3 za maji ya gesi. Ongeza lita 1 ya akiba, kwa kuwa wapo watakaotaka maji ya gesi na kipande cha ndimu tu.

Shira ikionjwa peke yake lazima ikuchukize kidogo: tamu kupita kiasi na kali kupita kiasi. Baridi hupunguza utamu ulimini, na maji yatagawanya kila kitu mara nne. Ukiipika ikawa tamu ya kunyweka, umetengeneza juisi, na juisi ikiongezwa maji hupwaya. Pima hivi: kijiko 1 cha shira, vijiko 3 vya maji ya baridi sana, onja. Maji ya gesi yenyewe yana ukali wake mdogo, basi onjo hilo likielekea kwenye utamu kidogo, kinywaji kitakuwa sawa.

Kwa meza ya pwani, ukwaju ndio wa kuanza nao. Chukua gramu 250 za ukwaju wenye kokwa, mwagia nusu lita ya maji ya moto, subiri nusu saa, kisha uvuruge kwa vidole mpaka kokwa zitoke safi. Chuja. Rudisha jikoni na gramu 250 za sukari, tangawizi mbichi iliyopondwa kiasi cha kidole gumba, iliki 4 zilizopasuliwa na robo kijiko cha chai cha chumvi. Ichemke polepole dakika 5, ipoe, chuja tena kwa kitambaa. Utapata nusu lita na kidogo. Chumvi usiiruke, bila hiyo ukwaju hubaki na ukali wa upande mmoja. Ikilala usiku, unga wa kahawia utatuama chini ya chupa. Mimina taratibu na uuache huko huko, maana ndio unaotoa povu chafu juu ya glasi.

Rosela, ambayo wengine huiita choya, inapendeza macho kuliko zote na ndiyo inayokosewa zaidi. Gramu 40 za maua makavu, maji mililita 700, chemsha dakika 5, zima moto, funika dakika 20, chuja, yeyusha sukari gramu 200 ingali moto. Inatoa karibu mililita 600. Ukiichemsha nusu saa kama majani ya chai ya mkaa, inakuwa chungu na kukausha ulimi, na hapo sukari haiponyi. Tumia sufuria ya stenlesi au enameli. Rosela ni kali, hushambulia alumini, na rangi yake ikikutana na madini hugeuka kuelekea zambarau chafu. Rangi hiyo hupenda ukali: maji ya gesi yenye madini mengi huifubaza, na kijiko kimoja cha chai cha ndimu kwa glasi huirudisha. Karafuu 3 zinatosha sufuria nzima. Nne ni dawa ya meno.

Pasheni haipikwi kabisa. Harufu yake ndiyo mali yake, na moto unaifukuza. Pasheni 15 za zambarau, zilizokunjamana kidogo ganda, hutoa karibu mililita 250 kutegemea ukubwa. Kung'uta nyama kwenye blenda na uguse kitufe mara mbili au tatu, sekunde moja moja. Kusudi ni kuachanisha ute na mbegu. Ukiiacha blenda ikimbie, mbegu zinasagika, unapata vumbi jeusi na uchungu usiochujika. Pembeni yeyusha gramu 150 za sukari kwa mililita 150 za maji ya moto, ipoe kabisa, ndipo uchanganye.

Limau na ndimu zina siri kwenye ganda. Menya maganda ya limau 5 kwa kisu kikali, membamba, bila ule weupe wa ndani ulio mchungu. Yasugue kwa gramu 200 za sukari, funika, acha saa 3. Sukari inavuta mafuta ya ganda na kulowa yenyewe. Ongeza mililita 150 za maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke, toa maganda, na ikishapoa tia mililita 150 za maji ya limau. Maji ya limau yakiingia kwenye moto hupoteza uchangamfu. Shira hii inasaidia nyingine zote: kijiko kimoja kwenye pasheni kinaifanya isimame.

Tangawizi ukitaka ya kutosha mpaka koo lipate moto, ikune, ikamue, kisha acha maji yake kwenye kikombe dakika 15. Utaona wanga mweupe umekaa chini. Tumia ya juu tu.

Embe, tuseme ukweli, ni tunda gumu kwa kazi hii. Ni zito, linazama, linafanya povu kama la sabuni. Ukilitaka, chagua lisilo na nyuzi, ngowe kwa mfano, saga, chuja, tumia vijiko vikubwa 2 kwa glasi pamoja na kijiko kimoja cha ile shira ya limau. Nanasi nalo hutoa povu jingi lisipopikwa. Njia nzuri ni kuchemsha maganda yake yaliyosuguliwa safi, na kipande cha mdalasini, dakika 20, kisha kuyachuja na kutia sukari. Tikiti maji halina nguvu ya kugawanywa mara nne: ligandishe kwenye trei za barafu na ulitumie badala ya barafu ndani ya glasi ya ndimu.

Chakula ndicho kiamue kinywaji. Viazi karai, bajia na sambusa zina mafuta na pilipili, zinadai ukwaju. Vitumbua na mahamri vina sukari na nazi, basi rosela yenye ukali ndiyo inayosafisha kinywa. Mayai na mkate hupatana na pasheni. Usiweke shira zote nne mezani. Shira mbili zinatosha, tatu kama kuna watoto wengi.

Neno "bila kilevi" nalo lina mitego. Maganda ya nanasi yaliyolowekwa siku mbili jikoni yanachacha, na kuchacha ni kilevi hata kama kinywaji ni kitamu na kina viputo vya kupendeza. Soda ya tangawizi ya kuchachusha na kombucha, yaani chai iliyochachushwa, ni hivyohivyo, na jikoni huna kipimo cha kujua kimefikia kiasi gani. Matone ya bitazi, kiungo kichungu cha mitishamba kinachotiwa kwenye vinywaji vya hotelini, yana kilevi kingi: yale ya chapa ya Angostura ni asilimia 44.7. Arki ya vanila halisi nayo hutengenezwa kwa kilevi, na sheria ya Marekani inaitaka iwe na angalau asilimia 35. Bia au mvinyo ulioandikwa hauna kilevi unaweza kuwa na chini kidogo ya asilimia 0.5. Kwa mgeni anayejali halali, au mtu aliyeacha pombe, tofauti hizo si ndogo. Tumia vanila ya ganda, au iliki, ambayo kwa ladha za kwetu inakaa vizuri zaidi.

Shira za kupikwa, ukwaju na rosela, hukaa kwenye friji wiki 1 bila wasiwasi ndani ya chupa iliyochemshwa. Pasheni na limau siku 3. Ukiona viputo kabla hujatia soda, au kifuniko kikipiga ukifungua, shira imeanza kuchacha, imwage. Usiache chupa ya kioo iliyofungwa nje ya friji. Gesi ya kuchacha inaweza kuipasua. Barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa au ya chupa. Wengi wanachemsha maji ya kunywa na kusahau barafu.

Sukari ya glasi moja ya ukwaju au limau ni kati ya gramu 18 na 22, chini ya ile ya soda ya kawaida ya mililita 300, ambayo huzidi gramu 30, lakini si kidogo. Wenye kisukari wawekewe maji ya gesi na vipande vya ndimu, tangawizi na nanaa.

Wakati wa kumimina, anza na shira chini ya glasi, halafu barafu, halafu inamisha glasi na uteremshe maji ya gesi ubavuni polepole. Ingiza kijiko kirefu mpaka chini, inua shira mara moja, toa. Kukoroga kwa kuzungusha kunafukuza gesi yote uliyoilinda tangu jana. Nanaa usiiponde, iweke kiganjani, ipige kofi moja, iache juu. Mrija uwe mfupi, harufu ya nanaa ikutane na pua kabla kinywaji hakijafika ulimini.