Uliza Tukujibu: Kwani hawa wachoraji wa zamani hawakuwa na mambo makubwa ya kuchora?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Naona sana mtandaoni michoro ya Ulaya ya miaka ya 1800, mtu kalowa mvua, mpangaji anagombana na mwenye nyumba, abiria kabanwa kwenye treni. Hivi walikosa mambo ya maana ya kuchora? Na kuchekana shida si roho mbaya? Msomaji wenu, Morogoro.

JIBU: Salama ndugu yangu, na hilo la roho mbaya ngoja tuanze nalo. Mwaka 1806 Uingereza kilitoka kitabu cha James Beresford, msomi wa Oxford, wanaume wawili wanashindana nani ana kero nyingi zaidi maishani, na Thomas Rowlandson akachora picha nyingi za kero za aina hiyo. Kuna moja humo naipenda sana, uko matembezini na wenzako baada ya mvua kubwa, tope linakuvua kiatu kimoja, unajinyoosha kwa nguvu zote ukiokote, na cha pili nacho kinabaki kwenye tope. Sasa hapo anayechekwa ni bwana mwenye nafasi yake, hajafiwa, hana njaa, anahangaika tu kulinda heshima na kila anavyohangaika ndo inazidi kuharibika. Mi sioni roho mbaya hapo, maana hata msomaji wake ameshavuliwa kiatu na tope.

Mambo makubwa walichora pia, tena yakawatokea puani. Honoré Daumier wa Ufaransa mwaka 1831 alimchora mfalme Louis-Philippe kama jitu limekaa kitini limeachama, watu wanapanda ubao na vikapu vya hela za wananchi wanalimiminia mdomoni, akala miezi 6 jela. Halafu Julai 1835 mfalme akanusurika kuuawa, Septemba ikaja sheria kwamba hakuna mchoro kuchapwa bila kibali, basi siasa ikaishia hapo. Gazeti alilokuwa akilichorea Daumier, Le Charivari, lilikuwa la kila siku na lilihitaji picha, afanyeje? Akageukia mtaa. Wenye nyumba, mawakili, wanaume wenye vitambi wakioga mto Seine, abiria wa daraja la tatu kwenye mabehewa yasiyo na paa mvua inawapiga.

Na spidi aliiweza kwa sababu ya jiwe. Unachora moja kwa moja kwenye jiwe la chokaa lililosawazishwa kwa chaki yenye mafuta, unaliloanisha maji, wino wa mafuta ukipitishwa unashika kwenye mistari tu, kwingine unakataa, unabandika karatasi unaminya. Hakuna kuchonga siku nzima kama kwenye shaba. Ndo maana aliacha michoro ya mawe kama 4,000 hivi, ingawa maneno ya chini mengi waliandika wengine pale gazetini (na kusema kweli mengine yamepooza, angalia nyuso tu inatosha).

Mwaka 1848 mfalme akapinduliwa akakimbilia Uingereza, Daumier huyo akarudi kwa wanasiasa, lakini 1852 mtawala mpya, Louis-Napoléon, akabana tena magazeti, na mwenye nyumba na mpangaji wake wakaitwa tena kazini.