Siku Moja Kanchipuram: Mahekalu Asubuhi, Hariri Mchana

SWALI: Shikamoo Bibi. Baba yangu anatibiwa moyo Chennai, India, nami ndiye ninayemuuguza. Daktari anasema anaendelea vizuri, na tuna siku kadhaa za kusubiri kabla ya kuonana naye mara ya mwisho. Kuna mwongoza watalii ameahidi kutupeleka Kanchipuram kwa siku moja: mahekalu matano ya kale, kisha "kijiji cha wafumaji wa hariri", chakula cha mchana, na saa 10 jioni tuwe tumerudi. Baba ni fundi cherehani mstaafu wa Kariakoo, na aliposikia habari za wafumaji hakulala. Ila ana kisukari pia. Tena sisi ni Waislamu, sijui kama kwenye mahekalu tunaruhusiwa. Twende?
*Binti wa Magomeni, kwa sasa Chennai*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe baba pole na salamu zangu, na umwambie aende. Lakini si kwa mpango huo.

Kaa na huyo mwongozaji mhesabu saa. Kanchipuram iko kilomita 75 hivi kusini-magharibi mwa Chennai. Kwa gari ni kama saa mbili, na foleni ikiwakuta ni zaidi. Mahekalu makubwa ya pale hufungwa kwenye saa 6 mchana, yakafunguliwa tena saa 10 jioni, wakati ambao yeye anasema mtakuwa mmesharudi. Maana yake mahekalu yote matano myamalize asubuhi: mvue viatu, mpige picha, mvae viatu, mpande gari. Muda utakaobaki ataupeleka dukani, kwa sababu duka ndilo linalompa kamisheni. Mimi nimeuza vitambaa Mtaa wa Uhuru tangu ujana, na Kanchipuram nilikwenda kwa ajili ya hariri, kwa hiyo njia hiyo ya dukani naijua vizuri.

Chukueni mahekalu mawili, matatu kama baba ana nguvu. Mchana wote wapeni wafumaji.

Tokeni saa 12 asubuhi. Barabara ni ile kuu iendayo Bengaluru. Mtapita Sriperumbudur, mahali alipouawa Rajiv Gandhi, waziri mkuu wa zamani wa India, tarehe 21 Mei 1991, na kumbukumbu yake ipo. Sehemu hizo zimejaa viwanda, kikiwemo cha magari ya Hyundai. Mwonyeshe baba, kwa sababu mkifika kwa wafumaji na kuuliza vijana wako wapi, mtaambiwa wamekwenda viwandani.

Anzeni na Kailasanathar, upande wa magharibi wa mji, jua likiwa bado la asubuhi. Ni hekalu la Shiva, mungu mmoja mkubwa wa Wahindu, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 8 na mfalme Narasimhavarman wa Pili, aitwaye pia Rajasimha, wa ukoo wa Pallava ambao makao yao makuu yalikuwa hapo Kanchipuram. Mahekalu mengi ya Wapallava waliotangulia yalichongwa ndani ya miamba. Hili limejengwa kwa kupanga mawe. Ni jiwe la mchanga, laini, na mvua za miaka 1,300 zimeacha alama. Mahali pengine mafundi wa baadaye walipaka plasta juu ya michongo ya kale, jambo ambalo linaniuma kila nikilikumbuka. Uani kuna vihekalu vidogo 58 vilivyojipanga kuzunguka ukuta. Chunguzeni ndani yake bila haraka: katika baadhi bado kuna mabaki ya rangi, nyekundu na kijani, za michoro iliyowahi kufunika kuta.

Kisha mwambie mwongozaji awaonyeshe maandishi ya Vikramaditya wa Pili. Huyu alikuwa mfalme wa Wachalukya, mahasimu wa Wapallava, na katika karne hiyo hiyo ya 8 aliuteka mji. Mshindi wa zama zile aliondoka na dhahabu. Yeye alilirudishia hekalu mali yake, akaacha maandishi yanayosema hivyo, kwa Kikannada, lugha ya kwao, ndani ya hekalu la adui yake. Na huko kwao Pattadakal mkewe, malkia Lokamahadevi, alijengesha hekalu linalofuata mtindo wa hili. Mimi habari hii naipenda kuliko zote za mji ule. Mwongozaji asiyeijua amejifunza majina ya maduka tu.

Hapo mtaingia bila wasiwasi. Kailasanathar linatunzwa na idara ya serikali ya mambo ya kale, na wageni wa dini zote hufika. Kwenye mahekalu yenye ibada kubwa, asiye Mhindu anafika uani na kwenye kumbi za nje, lakini chumba cha ndani kabisa, penye sanamu, haingii. Kibao kipo mlangoni. Nami ni Mwislamu, mwanangu. Kibao kile nakiheshimu kama ninavyotaka mgeni aheshimu msikiti wetu. Nasimama wanaposimama wageni, natazama kazi ya mikono ya watu, namwachia njia anayekwenda kuabudu. Akija mtu kukupaka majivu kwenye paji la uso, weka mkono kifuani, tabasamu, mshukuru. Inatosha.

Kwa mavazi usihangaike: dera na mtandio wako vinafaa, na baba avae suruali ndefu au kanzu.

La pili liwe Ekambareswarar, nalo ni la Shiva. Mnara wa lango lake una urefu wa karibu mita 59, na ulijengwa mwaka 1509 na Krishnadevaraya, mfalme wa Vijayanagara. Kusini mwa India kuna mahekalu matano ya Shiva, kila moja likiwakilisha kitu kimoja cha asili: ardhi, maji, moto, upepo na anga. Hili ni la ardhi. Uani kuna mwembe ambao wenyeji husema una miaka 3,500, na kwamba matawi yake manne huzaa maembe ya ladha nne. Msikilizeni anayewasimulia mpaka amalize.

Sasa miguu ya baba, na hapa nakukazia. Mahekaluni viatu huvuliwa, na jiwe la uani kuanzia saa 4 asubuhi linaunguza. Mwenye kisukari anaweza kuungua nyayo asihisi, na kidonda kikaja kuonekana baada ya siku mbili. Mwulize daktari kabla ya kufunga safari. Akiruhusu, chukua soksi nzito za pamba, baba atembee kivulini, na jioni uzikague nyayo zake mwenyewe kwa macho. Soksi zikikataliwa hekalu fulani, abaki nje chini ya mti, uingie wewe umsimulie. Maji, dawa zake na kitu cha kutafuna visikose mkobani.

Sasa twende kwa wafumaji. Neno "kijiji" lisikudanganye. Wafumaji wengi wako mjini humo humo, katika mitaa kama Pillaiyarpalayam, na kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, kiko ndani ya nyumba wanamokula na kulala. Mwambie mwongozaji kwa maneno haya: nataka nyumba yenye kitanda cha mkono kinachofanya kazi leo, na nataka kukaa saa nzima. Mwandikishe kwenye ujumbe wa simu kabla hujatoa fedha.

Mfumaji hukaa ukingoni mwa shimo, miguu ikiwa ndani ikikanyaga vikanyagio. Mbele yake mtande umevutwa, nyuzi maelfu za urefu wa nguo. Mwili wa sari ni wa rangi moja, tuseme kijani cha kasuku, na pindo lake la rangi nyingine kabisa, tuseme damu ya mzee. Jicho la fundi kama baba litasema pindo limeshonewa. Aangalie tena. Mkeka wetu tunashona ukili kwa ukili, lakini pale hakuna sindano. Vijiti vitatu vyenye uzi vinapita kwa zamu, kimoja cha mwili na viwili vya mapindo ya pande mbili, na kila mshindio wa mwili, yaani uzi wa kukatiza, ukifika mpakani unakumbatiana na wa pindo kabla ya kurudi. Kazi hiyo huitwa korvai, na mtu mmoja haiwezi: mfumaji hukaa katikati, na msaidizi, mara nyingi mke au ndugu, hukaa ubavuni kushughulikia pindo la upande wa pili. Hawaongei sana. Mmoja akikosea, wanafumua wote wawili.

Wakifika kwenye ncha ya sari, ile inayoangukia begani, nayo ikiwa ya rangi tofauti, huingiza mtande mpya kwa kuunganisha nyuzi zake na za zamani, uzi kwa uzi. Kwa sari yenye kazi nyingi, watu wawili huchukua wiki mbili au zaidi. Wengi hufanya kazi chini ya chama cha ushirika au tajiri, anayewapa hariri na nyuzi za dhahabu kisha akawalipa kwa kila sari. Hariri yenyewe hutoka zaidi jimbo jirani la Karnataka, na nyuzi za dhahabu hutoka Surat, Gujarat, jimbo la mababu wa majirani zetu wengi wa Kisutu na Upanga.

Mwache baba aulize. Mafundi hawahitaji mkalimani sana. Atashika ukingo wa nguo, ataugeuza, nao watamwelewa. Na mkiondoka bila kununua sari, mwachieni mfumaji na msaidizi wake kitu kwa saa mliyowachukulia, mkononi mwao na si kupitia kwa mwongozaji.

Saa 10 jioni, kama baba hajachoka, malizeni na Varadharaja Perumal, hekalu la Vishnu, mungu mwingine mkubwa wa Wahindu. Lina ukumbi maarufu kwa jina la nguzo mia, na pembeni mwake kunaning'inia minyororo ya mawe iliyochongwa kutoka jiwe moja, pete ndani ya pete. Katika bwawa la hekalu hilo huhifadhiwa sanamu ya mti iitwayo Athi Varadar, inayotolewa mara moja kila miaka 40. Ilitolewa mwaka 1979, ikatolewa tena 2019 kwa siku 48, na mamilioni ya watu wakaja kuiona. Itakayofuata ni 2059. Mtakuwa Chennai usiku, na ni bora hivyo kuliko kukimbia.

SWALI: Bibi, binti yangu anaolewa, na wifi yangu aliyeko India anasema ataniletea sari ya Kanchipuram tumshonee gauni la kesha. Bei aliyonitajia ni ndogo mno. Nitajuaje kama ni hariri kweli?
*Mama wa bi harusi, Mombasa*

JIBU: Hongera mama. Bei hiyo ndiyo inayokuonya. Uzi wa dhahabu wa kweli ni uzi wa hariri uliozungushiwa waya mwembamba wa fedha na kupakwa dhahabu, kwa hiyo bei ya sari hupanda na bei ya fedha sokoni. Sari ya rahisi sana ama uzi wake ni wa shaba au plastiki, ama nguo yenyewe si hariri.

Mwombe wifi atafute lebo ya Silk Mark, ya shirika lililo chini ya Bodi Kuu ya Hariri ya India. Ina namba yake na alama inayong'aa. Lebo hiyo inathibitisha kwamba ni hariri, lakini haisemi imefumwa kwa mkono wala imefumwa Kanchipuram. Jina la hariri ya Kanchipuram linalindwa na sheria ya India kwa bidhaa za mahali maalumu, na duka la ushirika wa wafumaji, au Co-optex, shirika la wafumaji wa mkono la jimbo la Tamil Nadu lililoanzishwa 1935, ni salama kuliko duka ambalo dereva wa bajaji amemchagulia.

Ikishafika, chomoa nyuzi chache ukingoni uzichome. Hariri hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayovunjika vidoleni. Nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuganda kidonge kigumu. Kisha kwangua uzi wa dhahabu kwa ukucha: kwenye uzi halisi, chini ya fedha utakuta hariri nyekundu. Geuza pia upande wa nyuma, pale mwili unapokutana na pindo. Kwenye korvai ya mkono utaona mpaka wenye meno madogo madogo.

Na kabla fundi hajashika mkasi: sari ni kama mita tano na nusu, na mara nyingi kuna kipande cha ziada cha blauzi. Mchoro mkubwa uko kwenye ncha ya begani. Fundi aitandaze yote sakafuni kwanza, aamue ncha hiyo ikae kifuani au kwenye mkia wa gauni, ndipo akate. Bwana harusi msimgusishe. Hukumu ya dini yetu juu ya hariri kwa wanaume tunaijua: hairuhusiwi.

SWALI: Tuko Muscat na tunapanga kwenda Kanchipuram mwaka huu. Mwezi gani unafaa, na tutakula nini huko, maana nasikia hakuna nyama?
*Familia ya watu sita*

JIBU: Januari au Februari. Mei joto lake ni kali hata kwa mtu wa Muscat, na kuanzia Oktoba hadi Desemba mvua za kaskazini-mashariki hunyesha kwa nguvu. Epukeni Ijumaa kama mnataka kuona hekalu la Kamakshi kwa utulivu, kwa sababu siku hiyo waumini wa mungu huyo wa kike hufurika.

Nyama ipo mjini, lakini karibu na mahekalu mtakula mboga tu, na mtashiba. Ulizeni idli ya Kanchipuram, mkate mlaini wa mchele na dengu. Idli za kawaida ni nyeupe, hazina viungo. Hii ina pilipili manga, binzari nyembamba, tangawizi kavu na samli, na hupikwa kwa mvuke ndani ya majani, ikaliwa na chatne ya nazi. Iulizeni asubuhi mapema, maana huwahi kwisha. Watoto wasiokula pilipili waagizieni ile nyeupe.