Niliyoyaona kwenye kubadilishana miche Amani

Msomaji mmoja wa Pangani ameniandikia juzi: "Dada, nimealikwa kubadilishana miche kule Amani. Niende na nini?" Niliposoma nikakumbuka fedheha yangu, na bado inaniuma.

Mara ya kwanza nilitoka Tanga mjini hadi Muheza, nikapanda gari la Amani, boksi la miche 12 magotini. Tulikutana kwenye bustani ya miti ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Tulitandika mikeka kivulini. Vyungu vyangu vilikuwa vifuu vya nazi, nimevipaka chokaa na kuvichora mawimbi kwa buluu ya kufulia, na watu walivisifu sana. Kisha mzee mmoja akainua jani la waridi langu. Chini yake wadudu weupe kama pamba. Akasema mbele ya kadamnasi, "Mwanangu, umetuletea ugonjwa." Nilirudi na miche yangu yote 12. Siku ile sikula.

Basi nikashika mmea mmoja tu, ua la Usambara, kwa jani nililopewa na mama mdogo. Ua hili ni la kwetu! Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huku, alimpelekea baba yake mbegu Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Leo liko madirishani Ulaya na Marekani, na sisi tunalipita.

Jani la kwanza nililichomeka kwa kikonyo kwenye mchanga na makumbi yaliyosagwa, nikalifunika kwa chupa iliyokatwa. Likaoza. La pili likaoza. Nilikuwa namwagia juu, tena kwa joto la Tanga! Nikaanza kuweka maji kwenye kisahani, mizizi inywe yenyewe, yanayobaki namwaga. Baada ya miezi miwili hivi udongo ukapasuka, vikatoka vijani viwili vyenye vinyweleo, kama masikio ya panya. Niliita nyumba nzima waje kuona.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda na mche unaoujua. Umeukuza mwenyewe, umeshauua mara mbili tatu, unajua mche wenyewe unakataa nini. Kagua chini ya majani. Msituni usichume kitu. Chungu kizuri kinamvuta mtu, lakini anachorudi nacho nyumbani ni mche, na ukifa jina lako ndilo linalotajwa. Tunapenda mno kupokea. Tunafika na kijiti kimenyauka tunataka mdalasini wa mwenzetu. Hapana, jamani. Kagua chini ya majani, narudia.

Mwaka huu yule mzee alikuja kwenye mkeka wangu na mche wa iliki. Nikamwamkia. Akachuchumaa, akainua majani yangu moja moja, akatazama chini yake, kimya. Kisha akaiweka iliki yake mkekani, akabeba vifuu viwili.